Zana ikishamaliza, kompaila ndiyo inaanza

Zana za kupanga upya msimbo, yaani programu zinazobadilisha msimbo wa programu nyingine, zina kauli moja zikimaliza kazi: mafaili kadhaa yamebadilishwa, imekamilika. Kauli hiyo ni ya kweli, mafaili yamebadilishwa. Kama mradi bado unakompaili, yaani kompaila bado inaweza kuugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, hiyo ni habari nyingine. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimejifunza mengi zaidi kwenye makosa yanayofuata baada ya kauli hiyo kuliko kwenye siku ambazo zana ilipita salama. Kosa la kompaila lililoachwa na zana linakuonyesha mahali ambapo mfumo wako unategemea kitu ambacho zana haikukiona. Nimeona vijana wengi wakiyazima makosa hayo mojamoja, haraka, bila kuyasoma, na ndiyo sababu naandika.

Mfumo ninaoufahamu zaidi ni wa Java, unahudumia vyama vya akiba na mikopo hapa Dar es Salaam. Kuna wanachama, hisa, akiba, mikopo, wadhamini, marejesho ya kila mwezi. Klasi zetu nyingi, yaani vipande vya msimbo vinavyowakilisha vitu hivyo, zina majina ya Kiswahili, `Mwanachama`, `Mkopo`, `Rejesho`, kwa sababu walioanzisha mfumo walitaka afisa mikopo aweze kukaa pembeni ya mtengeneza programu na kufuata kinachoandikwa. Ulikuwa umejengwa juu ya toleo la 2 la Spring Boot, msingi wa kujengea programu za Java. Novemba 2022 likatoka toleo la 3.0, linalodai Java 17 na kuendelea, na mwaka mmoja baadaye viraka vya bure vya toleo la 2.7 vikafika mwisho. Mfumo unaotunza fedha za watu hauwezi kubaki kwenye toleo lisilopata viraka vya usalama. Ilikuwa lazima kuhama.

Ugumu wa kuhama huko una asili yake. Mwaka 2017 Oracle ilitangaza kuikabidhi Java EE, mkusanyiko wa viwango vya Java kwa mifumo mikubwa, kwa taasisi ya Eclipse Foundation, lakini haki ya kuendelea kulitumia jina `javax` kwenye pakeji (makundi ya klasi) mpya haikupatikana katika makubaliano. Kwa hiyo Jakarta EE 9, jina jipya la Java EE huko Eclipse, iliyotoka Desemba 2020, ikabadilisha majina ya pakeji zake zote kutoka `javax` kwenda `jakarta`. `javax.persistence` ikawa `jakarta.persistence`, `javax.servlet` ikawa `jakarta.servlet`, na kadhalika. Kazi yenyewe ikabaki ileile, jina tu ndilo limebadilika, katika kila faili la kila mradi wa Java wa aina hiyo duniani. Ukisikia hivyo unasema hii ni kazi ya mashine, na ni kweli. Hakuna mtu anayepaswa kubadilisha maelfu ya mistari ya `import`, inayotaja pakeji zinazotumika, kwa mkono.

Mkandarasi mmoja aliyekuwa akisaidia mradi alikuja na hati fupi ya kutafuta na kubadilisha: kila penye `javax.` weka `jakarta.`. Ilimaliza kazi kufumba na kufumbua. Kompaila ikakataa, na nilipokaa kusoma ilichokataa nilipata somo la historia ya Java ambalo sikuwahi kulipata darasani.

Si kila kinachoanza na `javax` ni cha Jakarta. `javax.sql`, inayobeba `DataSource`, ni ya Java yenyewe na haijahama. `javax.crypto` tunayoitumia kusimba namba za simu za wanachama haijahama. `javax.net.ssl` haijahama. Kwenye XML mambo yanagawanyika: `javax.xml.bind` imehama, `javax.xml.parsers` imebaki. Kwenye miamala yanagawanyika zaidi, kwa sababu `javax.transaction` imehama lakini pakeji iliyo chini yake, `javax.transaction.xa`, imebaki ndani ya Java. Halafu kuna jamii ya tatu, ambayo si ya Java yenyewe wala si ya Jakarta EE: `javax.cache` na `javax.money`. Sisi tunahesabu riba kwa `javax.money`, kila shilingi ya mwanachama inapita hapo. Hati ya mkandarasi iliigeuza kuwa `jakarta.money`, pakeji isiyokuwepo popote.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaheshimu makosa ya kompaila. `package jakarta.money does not exist` ni sentensi kavu, lakini imesema jambo kamili: umedhani hii ni sehemu ya familia ile, nayo siyo. Nilitengeneza orodha ya pakeji zetu zote za `javax`, nikaandika mbele ya kila moja ni mali ya nani. Orodha hiyo imetufaa katika miradi mingine miwili mitatu tangu hapo, na naamini timu yoyote inayokaribia kuhama ianze nayo kabla ya kugusa zana.

Hati ile tuliiweka kando, tukachukua zana ya kweli, ile inayosoma msimbo kama kompaila inavyousoma: inajenga mti wa sintaksia, inajua kila jina ni la aina gani, na inabadilisha kinachohusika tu. Tofauti ilionekana papo hapo. `javax.money` ilibaki, `javax.sql` ilibaki, miamala iligawanywa sawasawa. Nazipenda zana hizi na sitaki mtu asome makala haya akadhani nasema turudi kwenye mkono. Ila baada ya kuiendesha, kompaila ilikataa tena, na safari hii kwa makosa mengi kuliko mwanzo.

Kijana aliyekuwa akifanya kazi hiyo nami alikaa nayo asubuhi nzima, kisha akaniita.

"Kaka, hapa kuna kitu hakiko sawa. Nimerekebisha makosa mengi, nikikompaili tena yako palepale, mia moja."

"Mdogo wangu, hayo mia siyo yote. Kompaila imechapa mia ikaishia hapo."

Ndivyo ilivyo. `javac`, kompaila ya Java, isipoambiwa vinginevyo huchapa makosa 100 tu. Ukirekebisha 20, yaliyokuwa nyuma ya pazia yanajaza nafasi, na wewe unakata tamaa bure. Ukiongeza `-Xmaxerrs` na namba kubwa unauona mlima wote. Kuna jambo jingine la namna hiyo: kompaila inafanya ukaguzi kwa hatua. Majina yasipopatikana, baadhi ya ukaguzi wa baadaye, kama ule wa eksepsheni ambazo hazijashughulikiwa, unaweza usifikiwe kabisa. Kwa hiyo idadi ya makosa inaweza kupanda wakati kazi inakwenda vizuri. Asiyelijua hili anarudisha nyuma mabadiliko mazuri kwa kuiogopa namba.

Tulipoona orodha yote, karibu makosa yote yalikuwa ya sura moja: `cannot find symbol`, `class QMkopo`. `class QMwanachama`. `class QRejesho`. Tunatumia QueryDSL, ambayo wakati wa kukompaili husoma klasi zenye alama ya `@Entity` (zinazohifadhiwa kwenye hifadhidata) na kuzizalishia klasi pacha zinazoanza na herufi Q, ndizo tunazoandikia maulizo ya hifadhidata. Hakuna mtu anayeandika `QMkopo`. Haipo kwenye Git, hazina ya msimbo wetu, inazaliwa kila mradi unapojengwa. Zana ilikuwa imebadilisha alama ya `@Entity` katika klasi zetu zote iwe ya `jakarta.persistence`, ikiwa sahihi kabisa. Lakini faili la `pom.xml`, linaloorodhesha maktaba na vizalishi vya mradi, lilikuwa bado linaita kizalishi cha QueryDSL cha upande wa zamani, kinachotafuta `@Entity` ya `javax.persistence`. Kikapita katika msimbo wote, hakikuona alama hata moja inayokihusu, hakikuzalisha kitu, wala hakikulalamika. Ilikuwa kama fundi aliyebadilisha vitasa vya nyumba nzima vizuri sana, mwenye kazi ya kufungua asubuhi akabaki na funguo za zamani.

Na kwa nini kizalishi hakikulalamika? Kwa kawaida kingekwama kwa kukosa `javax.persistence` yenyewe, na tungejua mara moja. Kwetu kulikuwa na maktaba moja ya zamani ambayo bado iliiburuta `javax.persistence` kuingia kwenye mradi kwa mlango wa nyuma. Kizalishi kiliipata, kikaridhika, kikanyamaza. Suluhisho lilikuwa neno moja: QueryDSL 5.0.0 ina toleo lenye alama ya `jakarta`, unaitaja kwenye `classifier` ndani ya `pom.xml`, basi. Makosa karibu yote yalianguka kwa pamoja. Tuliiondoa pia ile maktaba ya zamani, kwa sababu ilikuwa imeficha tatizo na ingeficha mengine.

Ningetamani kila anayeanza kazi hii aione orodha ile ya makosa kabla na baada ya neno lile moja. Mamia ya makosa, chanzo kimoja, na chanzo hakikuwa ndani ya faili lolote lililotajwa kwenye orodha. Tangu hapo, nikiona wimbi la `cannot find symbol` baada ya zana kupita, swali langu la kwanza ni nani anayezalisha klasi hii, na je, bado anafanya kazi?

Udhaifu huu si wa zana moja, wala hautokani na uzembe wa walioitengeneza. William Opdyke alitetea tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1992, na ndani yake alionyesha kwamba kila badiliko la kupanga upya msimbo lina masharti yanayopaswa kutimia kabla ya kulifanya, ili programu ibaki na tabia yake. Ukitaka kubadilisha jina, jina jipya lisiwe limeshatumika mahali litakapogongana. Ukitaka kuhamisha klasi, wanaoitumia wawe bado wanaruhusiwa kuifikia huko inakokwenda. Zana zote tunazotumia leo ni watoto wa wazo hilo. Kazi ngumu ni kuyajua masharti yote. Mwaka 2007 watafiti, baadhi yao wa chuo hichohicho, walitunga programu ndogondogo za Java kwa mashine, wakazilisha kwenye Eclipse na NetBeans, kisha wakaangalia kama zinazotoka bado zinakompaili. Walipata makumi ya hitilafu mpya, katika zana zilizokuwa zikitumiwa na watu wengi kila siku. Na lugha haikusimama kuzisubiri: tangu Java 10, Machi 2018, toleo jipya hutoka kila baada ya miezi sita, na kila kanuni mpya inakutana na kanuni zote za zamani.

Java 10 hiyohiyo ndiyo iliyoleta `var`, neno la kutangaza kigezo bila kuandika aina yake, na nina mfano wake mdogo ninaopenda kuwaonyesha wageni wa timu. Mstari ulikuwa hivi:

`List<Mkopo> mikopo = new ArrayList<>();`

Pendekezo la kusafisha msimbo likaugeuza kuwa:

`var mikopo = new ArrayList<>();`

Umekuwa mfupi, unasomeka. Lakini zile alama tupu `<>` zilikuwa zikipata aina yake kutoka upande wa kushoto, na upande wa kushoto umefutwa. Sasa `mikopo` ni orodha ya `Object`, yaani kitu chochote. Mistari michache chini, `for (Mkopo m : mikopo)` inagoma: `Object cannot be converted to Mkopo`. Zana iliyo makini huandika `new ArrayList<Mkopo>()` inapoondoa aina ya kushoto. Isiyo makini huiacha hivyo. Sasa chukulia orodha hiyo haizungukwi kwa `for`, inajazwa tu na kupelekwa kwenye methodi inayopokea orodha ya kitu chochote. Inakompaili bila neno. Aina imepotea na hakuna aliyekuambia.

Hapo ndipo wasiwasi wangu wa kweli ulipo. Kosa la kompaila linakuzuia mlangoni. Linalonitisha ni badiliko ambalo zana imelifanya kwa ulinganifu kamili ndani ya Java, huku maana yake iko nje ya Java.

Tulikuwa na uga (sehemu ya data) `salio` kwenye klasi ya majibu yanayokwenda kwenye programu ya simu ya maafisa mikopo. Mtu mmoja akaomba jina liwe wazi zaidi, `salioLaMkopo`, ombi zuri, maana mwanachama ana salio la akiba pia. Zana ikabadilisha uga, ikabadilisha `getSalio`, ikafuata kila aliyeiita. Ikakompaili mara moja. Majaribio yote ya upande wa seva yakapita, kwa sababu nayo yaliandikwa kwa Java na zana ikayabadilisha pamoja na vingine. Lakini Jackson, maktaba inayogeuza data ya Java kuwa JSON, maandishi yanayotumwa kwenye simu, huyachukua majina ya JSON kutoka kwenye majina ya methodi hizo, kwa hiyo ufunguo uliokwenda kwenye simu ukawa `salioLaMkopo`, na simu ilikuwa inatafuta `salio`. Kwenye mazingira ya majaribio, mkopo wa mamilioni ulionekana kwenye skrini ukiwa na salio la sifuri.

Mtu wa kukagua ubora ndiye aliyeliona, kwa sababu yeye hutumia simu halisi na hukagua kwa macho yake. Afisa aliye Kigoma au Mtwara angeliona badiliko hilo mbele ya mwanachama, na mwanachama angetoka pale akiamini amemaliza deni. Sasa kila uga unaotoka nje ya mfumo una `@JsonProperty` yenye jina lake la nje, na tuna majaribio yanayolinganisha JSON nzima na faili la maandishi lililohifadhiwa pembeni, ambalo zana ya Java haina habari nalo. Ni kazi ya kuchosha kuandika majaribio hayo. Naiandika kwa moyo mmoja.

Katikati ya makundi hayo mawili kuna yale yanayokompaili lakini yanakwama mfumo unapowashwa. Spring Data, sehemu ya Spring inayoshughulikia hifadhidata, husoma jina la methodi kama `findByHali` na kulitafutia uga wa `hali`. Uga ukibadilishwa jina na methodi ikaachwa, kompaila haina la kusema, ila seva inakataa kuamka. Maulizo ya JPQL, lugha ya maulizo inayotumia majina ya klasi zetu, yaliyoandikwa ndani ya `@Query` nayo hukaguliwa wakati huo. SQL ya moja kwa moja haikaguliwi hata hapo. Inasubiri siku mtu abonyeze kitufe. Kwa hiyo kwetu, kukompaili peke yake hakufungui njia ya kuunganisha tawi (nakala ya kazi inayosubiri kuingizwa kwenye mradi). Mashine ya ujenzi lazima iuwashe mfumo mzima na hifadhidata halisi, PostgreSQL, siyo ya mfano.

Namna tunavyofanya kazi na zana hizi imebadilika taratibu, bila mtu kuitisha mkutano. Kila badiliko la zana linakaa kwenye komiti (kifurushi cha mabadiliko kwenye Git) yake, peke yake, na ujumbe wa komiti unataja zana, toleo lake na amri iliyotumika. Marekebisho ya mkono yanafuata kwenye komiti nyingine. Mkaguzi akifungua tawi lenye mafaili mia kadhaa, ya zana anayapitia kwa sampuli, ya mkono anayasoma mstari kwa mstari, kwa sababu huko ndiko mtu amefanya uamuzi. Na pale zana inapoacha kosa, anayelirekebisha anaandika kwa sentensi moja zana haikuona nini. Sentensi hizo zikikusanyika zinakuwa ramani ya vitu vilivyofichika kwenye mfumo: vizalishi, majina yaliyo ndani ya maandishi, maktaba za nje. Ramani hiyo haipo kwenye nyaraka zetu zozote rasmi.

Kosa la mwisho kabisa katika kuhama kwetu lilikuwa moja, na lilichukua muda kuliko yote. `HttpServletRequest` ya `jakarta`, aina inayobeba ombi la wavuti, haiwezi kugeuzwa kuwa `HttpServletRequest` ya `javax`. Lilitoka kwenye maktaba ya kutengeneza taarifa za PDF tuliyoinunua zamani. Zana ilikuwa imebadilisha upande wetu wote. Upande wa pili ulikuwa faili la jar lililokwisha kompailiwa, halina msimbo wa kubadilisha. Zipo zana zinazogeuza hata jar, lakini masharti ya leseni ya maktaba hiyo hayakuruhusu kuigusa, na mwenye maktaba hakuwa na toleo jipya.

Tukaamua kusoma kwa nini taarifa ya PDF inahitaji ombi la wavuti hapo awali. Ilikuwa inachukua vitu viwili tu humo: lugha ya mtumiaji na namba ya uanachama. Maktaba ilikuwa na mlango mwingine, unaopokea vitu hivyo moja kwa moja pamoja na `OutputStream` ya kuandikia. Tukahamia mlango huo. Msimbo wa taarifa ukawa haujui tena chochote kuhusu wavuti, na kosa likaondoka. Miezi kadhaa baadaye viongozi wa chama kimoja wakaomba taarifa za mwisho wa mwezi zitengenezwe usiku zenyewe, bila mtu kufungua ukurasa na kubonyeza. Miaka iliyopita tuliwahi kulijibu ombi hilo kwamba haliwezekani, kwa sababu usiku hakuna ombi la wavuti la kuipa ile maktaba. Safari hii tuliongeza ratiba, na mwezi huohuo wakaanza kuzipata.